Kufuli Nje, Mimi Ndani

Nafanya kazi ya tafsiri nyumbani, Kariakoo, na adui yangu ni miguu. Nikisikia kelele za soko tu, nimeshafika soko la Mchikichini nikikumbuka ujana na wapiga soga.

Juzi mteja alitaka kazi yake kabla ya adhuhuri. Nikafunga mlango kwa kufuli la nje, nikampa mke wangu ufunguo aondoke nao, nikaingia kwa dirisha la uani. Wapiga soga nao wakija kuniita wangedhani nimetoka.

Kazi ilinoga. Nilikuwa nimebakiza ukurasa mmoja kiti kilipoanguka.

“Mwizi! Yumo chumbani kwa Baba Neema!” Mama Shayo, mwenye nyumba wetu, alipiga kelele.

Wapangaji wakajaa uani. Nikatoa kichwa dirishani, mikono juu.

“Ni mimi, mama!”

Mama Shayo akashusha polepole mchi aliokuwa ameuinua kunipiga.

“Haya, Baba Neema, umejiibia nini?”