Khati ya Bibi

Juzi nilipita mji wa Ibra, nikaona bango la mkahawa mpya. Herufi zake zimelala upande, mikia mirefu, kama zimeandikwa na mtu asiye na haraka. Nikasimamisha gari.

Bibi yangu akiandika vivyo hivyo kwenye chupa zake za bizari. Alipofariki nilikuwa mtoto, na siku ya hitima yake, khati ile ile ilikuwa kwenye vikaratasi vilivyobandikwa juu ya paketi za haluwa.

"Nani kaandika?" nilimuuliza mama mdogo.

"Kompyuta," alijibu bila ya kuinua kichwa.

Nikafahamu kwamba Bibi yumo humo. Alasiri, watu wakimsomea Kurani ukumbini, niliingia chumbani kwa mama mdogo. Mapazia yalinukia udi. Kompyuta ilikuwa na joto, ikinguruma taratibu kama kifua cha Bibi alipolala mchana. Nikaitegea sikio.

"Shikamoo, Bibi."

Printa ikaamka yenyewe, ikatoa karatasi moja isiyo na hata nukta.

Leo najua zile ni herufi za kompyuta tu, yeyote anaweza kuzichagua. Hata hivyo, pale Ibra nililiamkia lile bango shikamoo, kisha nikaondoa gari upesi, kabla halijaitikia.