Itazame Mita Kabla ya Kumtazama Mtoto

Mwanangu Wekesa, nakumbuka vizuri siku nilipoambiwa nifunge mizigo yangu nirudi kwetu Ndalu kwa sababu ya stima. Nakusimulia leo, na si kwamba nimekosa kazi. Ng'ombe hapa Endebess hawangoji mtu amalize hadithi. Ni kwa sababu jana mkeo Nekesa alinipigia simu kutoka Bungoma, akaniambia umeamua mdogo wake, Faith, aondoke kwenu mwisho wa mwezi, ati tangu aje tokeni za stima hazikai, na fundi aliyetaka aitwe kuikagua nyumba unasema atakupotezea wakati, bora mnunue sola. Nikamwuliza, na chuo chake je? Akasema nikuulize wewe. Basi keti hapo ulipo unisikilize kwenye simu, na usinikatize, maana ukinikatiza nitaanza upya.

Nilikuwa msichana tu. Kaka yangu Simiyu alikuwa karani wa serikali pale Kitale, akapewa nyumba moja ya zile za zamani, zenye sakafu ya mbao na bomba la moshi juu ya paa. Akanichukua nikakae naye nisomee taipu. Sisi Ndalu tulikuwa na koroboi. Kufika pale, kubonyeza ukuta na chumba kizima kikawaka, nilijiona nimeingia mbinguni na viatu.

Mke wa kaka tulimwita Mama Beti. Hakuwa mtu mbaya, nakuambia mapema usije ukamchukia. Alikuwa muuguzi, mchapakazi, na kitu kimoja tu kilimkosesha raha: bili ya stima. Ikifika, kaka anafoka, na Mama Beti anaanza kutafuta mchawi. Nyumba ikiwa na mgeni, unajua mwenyewe mchawi anakuwa nani. Nikiwasha taa nisome, macho kwangu. Nikipiga pasi sketi ya chuo, macho kwangu. Mwishowe nikawa nasomea dirishani mpaka jua linazama, kisha nalala. Bili ikaja ileile, na hakuna aliyejiuliza inakuwaje. Mtu akishaamua kwamba ni wewe, hata ukikaa gizani atasema unajificha.

Kaka alinipa habari asubuhi akifunga kamba za viatu. Hakuinua uso. Alisema chuo kitasubiri, nyumba imelemewa. Nililia ndani ya matatu mpaka Kiminini, halafu nikaona aibu kwa abiria wenzangu nikajifuta. Nilikuwa napenda taipu, Wekesa. Napenda nikuambie hivyo bila kuzunguka.

Bili iliyofuata ikafika nikiwa Ndalu napalilia mahindi. Ilikuwa palepale, kana kwamba sikuwahi kukanyaga nyumba ile.

Hapa ndipo ninapomheshimu Mama Beti, kwa sababu mwingine angeitia bili kwenye droo akakaa kimya. Alinisimulia yeye mwenyewe baadaye. Jumapili iliyofuata kaka alimpeleka Beti kanisani, yeye akabaki. Alizima kila taa. Akachomoa friji, redio na pasi. Kisha akatoka kwenye veranda kuiangalia mita. Mita za siku hizo zilikuwa na kisahani kidogo cha bati nyuma ya kioo, kinachozunguka stima inapotumika. Nyumba imezimwa yote, na kisahani kinazunguka bila haya.

Kwanza alidhani mita ni mbovu. Akarudi ndani, akapita chumba kwa chumba, mpaka akafika kwenye swichi moja nyuma ya mlango wa bafu, yenye kitaa chekundu kilichopakwa rangi ya ukuta pembeni. Ilikuwa ya tangi la maji moto lililokaa juu ya dari. Swichi hiyo haikuwahi kuzimwa tangu wahamie, kwa sababu aliyeishi pale kabla yao aliwaambia kwamba tangi likizimwa na kuwashwa linakula stima nyingi kuliko likiachwa. Wakaamini, watu wawili waliosoma. Na bomba la maji moto jikoni lilikuwa linadondosha maji usiku na mchana, yale mambo ya kusema fundi ataitwa wiki ijayo. Kila tone likitoka moto, maji baridi yanaingia, tangi linachemsha tena, huko juu darini, halijafunikwa hata gunia, na baridi ya Kitale unaijua.

Akaizima. Akatoka nje. Kisahani kimesimama.

Hakuishia hapo. Aliwasha kimoja kimoja, kila mara akitoka kuangalia. Balbu ya chumba changu, kisahani kikajikokota tu. Friji, kikazunguka zaidi ya alivyotarajia; akachunguza mlango akakuta mpira wake umepasuka, ukibana karatasi pale inateleza yenyewe. Pasi, kikakimbia, sikatai. Lakini mimi pasi niliishika Jumapili jioni tu.

Huo ndio ukaguzi wa matumizi ya stima, mwanangu. Huyo fundi unayesema atakupotezea wakati ana vifaa vizuri kuliko macho ya Mama Beti, lakini kazi ni ileile: kujua kinachokula ni nini kabla ya kutoa hukumu.

Mama Beti akaja Ndalu. Mama yangu, nyanya yako, alikuwa uani anapukuchua mahindi. Mama Beti alipewa kiti, akakataa, akaketi chini.

"Mama," akasema, "nimekuja kuwaambia ukweli. Si Nafula aliyekuwa anamaliza stima. Ni tangi la maji."

Nyanya yako akaendelea kupukuchua. Kisha akauliza, "Na kama angekuwa ni yeye?"

Mama Beti hakuelewa.

"Nauliza, kama ingekuwa kweli ni yeye na taa yake, si mngemwambia azime? Ati mtoto anarudishwa nyumbani kwa sababu ya taa?"

Mama Beti alilia. Nami nilikuwa mlangoni, nikalia. Nyanya yako hakulia, alimsogezea mahindi wakapukuchua pamoja, na hapo nikajua amemsamehe.

Nilirudi Kitale, lakini mashine yangu chuoni ilikuwa imepewa mwingine. Nikangoja wanafunzi wapya, nikaanza upya. Nilipomaliza, ofisi zilikuwa zinaingiza kompyuta, na wale nilioanza nao walikuwa wamekwisha kukaa kwenye viti vyao. Mimi nikaambiwa niache barua ya kuomba kazi. Nikaishia kwenye maziwa. Maziwa yamekusomesha, siyadharau. Ila kuna asubuhi nimechutama chini ya ng'ombe, vidole vimeganda, nasikia ule mlio wa taipu, na roho inaniuma.

Sasa shika ninayokuambia. Mwache fundi aje, na umfungulie kila chumba. Habari za kununua sola ziweke kando kwanza, kwa sababu kuongeza stima kwenye nyumba usiyojua inapovuja ni kujaza debe lililotoboka. Kabla hajafika, zima kila kitu uende ukaitazame mita yako. Haina kisahani, ina kitaa kinachopepesa. Kikipepesa wakati nyumba imelala, kuna kitu hujakiona. Tazama pampu ya maji, kama inajiwasha hovyo kwa sababu choo kinavuja. Tazama friji mliyoisukuma karibu na jiko. Mwambie Nekesa maharagwe yafunikwe yakichemka. Na ile shawa ya moto, ambayo kuna mtu mzima anaimba ndani yake mpaka kioo kinatoa jasho. Mtu huyo nilimzaa mimi, namjua.

Sijui fundi atapata nini. Huenda kweli akakuta ni Faith, amesahau taa, amechemsha maji ndoo nzima kwa koili. Akiwa ni yeye, mwite, mwonyeshe swichi, mweleze kwa upole kama anavyoelezwa mtu wa nyumbani. Stima ikiisha leo, kesho utanunua nyingine. Mwaka wa masomo ya mtoto wa watu hutaununua popote.

Mungu akubariki, wewe na Nekesa na kila anayelala chini ya paa lenu, awape nyumba yenye mwanga wa kumtosha anayesoma. Faith nimeshampigia. Nimemwambia atoe nguo sandukuni arudi kwenye vitabu vyake, na kama una neno, uje Endebess uniambie mimi.