Swala Aliyesimama kwa Miguu Miwili

Nitawataja. Majina siandiki, hawastahili wino wangu, lakini mtu wa Migori atawajua. Wa kwanza ni karani wa sherehe, mtoto wa mama yangu mdogo. Wa pili ni mwalimu aliyemwandikia hotuba ya uongo.

Uhuru ulikuwa bado mbichi. Nilikuwa nimerudi kutoka Turkana, nilikovunja kokoto za barabara miaka mitatu, kichwa kimejaa wanyama wa jangwa. Nikajenga swala twiga kwa waya, fito na kitambaa cha merikani, mrefu kuliko mlango wa kanisa. Kifuani nikaning'iniza taa ya karabai. Ukivuta kamba anainuka kwa miguu ya nyuma, vile anavyokula majani kule kwao, na mwanga unapanda shingo hadi masikioni. Watoto wa sokoni walisukumana kuvuta. Mimi shule niliacha darasa la pili. Yule swala ndiye aliyekuwa cheti changu.

Tukampakia kwenye lori hadi Homa Bay, kwa sherehe ya wilaya. Huko karani akaniambia, "Omera, ndugu yangu, kaa nyuma. Wakubwa wakiuliza kwa Kizungu utajibu nini?" Akapanda jukwaani na karatasi ya mwalimu, akasema swala yule amembuni yeye.

Jua linakaribia kuzama, nikamkuta anafunga miguu ya mbele ya swala kwenye vigingi.

"Unafanya nini?"

"Narekebisha kosa lako. Mnyama gani husimama kama mtu anayechuma mapera? Unataka tuchekwe?"

Nilijua kamba ikivutwa mwili utapinda, na taa itagonga kitambaa.  

"Haya," nikasema, "si wewe ndiye uliyembuni?"

Akavuta mwenyewe, mbele ya wakubwa. Swala akawaka kama nyasi kavu. Suruali ya karani ikashika moto, na mimi mjinga nikaruka kumzima kwa mikono. Vidole viwili havikunjiki tangu siku ile, na waya unataka vidole. Yeye bado anakohoa moshi, akapiga kelele: "Fundi ndiye huyu! Hajasoma!"

Ndiyo mara ya kwanza yeye kuniita fundi mbele za watu.

Kwa vidole vinane nimejenga mwingine, mdogo, mlangoni pa duka langu Migori, mkabala na nyumba ya karani. Kila jioni wapita njia wanavuta kamba, swala anasimama kwa miguu miwili, mwanga unaingia dirishani mwake. Hufunga pazia. Lile pazia nalijua, ni jepesi, mwanga unapenya.