Jumamosi Onsongo Alipokuja Kumsikia Mkewe

Hoteli yangu ina televisheni, na kwa sababu hiyo kila mtu hapa Migori ni rafiki yangu siku ya mpira. Onsongo peke yake hakuwahi kuingia kuitazama. Aliuza ndizi mbele ya mlango wangu, na tangu afiwe na mkewe alikaa chumba cha nyuma, tukitenganishwa na mabati tu. Alikuwa mzee wa kanisa la Sabato. Muziki wangu ulimkera, nami niliuongeza makusudi.

Alhamisi moja, mwaka wa tisini na saba, aliniuliza macho yakiwa kwenye ndizi, "Mama Job, ni kweli watamwonyesha Javan Odera kwenye televisheni?"

"Jumamosi saa kumi na moja jioni. Lakini wewe na Odera wapi na wapi?"

Odera ndiye aliyechanganya nyatiti, zeze letu la nyuzi nane, na gitaa la umeme, nasi watu wa ziwa tukacheza nyimbo zake mpaka viatu vikaisha. Basi Onsongo akaniambia jambo nisilolijua: marehemu mkewe, Nyamusi, ndiye aliyekuwa akimwitikia Odera katika nyimbo zake. Mkisii, akiimba Kijaluo. Walipobatizwa walichoma santuri na kanda zote, wakarudi nyumbani wamefurahi. Sasa Nyamusi alikuwa na miaka miwili kaburini.

"Picha zake ninazo," alisema. "Sauti ndiyo sina. Nimeanza kuisahau."

Nilimwambia nitamwekea kiti cha mbele.

Sabato huisha jua likizama, na saa kumi na moja jua bado liko juu. Waumini walikuwa kanisani wakimngoja awaongoze kuifunga, kama kila Jumamosi. Yeye alikuja kwangu amevaa suti, akaketi mbele kabisa, kofia magotini. Nilimpelekea chai, hakuigusa.

Walituonyesha Odera mtoto, Odera Homa Bay, Odera Ulaya. Mtangazaji hakupumua. Mwishowe ikaja bendi yenyewe jukwaani, na kando ya Odera msichana mwembamba mwenye kitambaa cheupe kichwani. Akafungua mdomo.

"Ndiye huyo," Onsongo alisema.

Hapo hapo mtangazaji akaanza kutueleza kwa nini Odera alikuwa mtu mkubwa.

"Ongeza sauti, Mama Job. Tafadhali."

Niliruka nikaongeza mpaka mwisho. Aliyeongezeka ni mtangazaji. Midomo ya Nyamusi ilikuwa ikienda, ikienda, halafu wakamwondoa wakaleta mtu wa chuo kikuu, ameketi mbele ya vitabu. Niliitukana ile televisheni kwa Kijaluo, wateja wakaacha kula. Onsongo alingoja mpaka kipindi kikaisha, lakini msichana hakurudi. Akasimama, akanishukuru kama mtu aliyehudumiwa vizuri, akatoka.

Niliona uchungu, na redio sikuiwasha. Jua lilipozama nilimsikia nyuma ya mabati akiifunga Sabato peke yake. Alisali kwa Kikisii, kisha akaanza wimbo. Ndipo nikaelewa kwamba maisha yao yote Onsongo alikuwa akiimba besi, sauti nzito ya chini, na ile sauti ya kwanza, inayobeba wimbo, ilikuwa ya mkewe. Aliimba besi yake hivyo hivyo, beti zote, akinyamaza mahali pa kunyamaza. Nilisikiliza mpaka mwisho, nisiweze kutambua ulikuwa wimbo gani.