Katuni ya Rangi na Dada Aliyekuwa Ndani

Enzi zetu pale Mlali, nanyi mliokua nami mtanisahihisha nikikosea, Jumamosi ilikuwa na harufu tatu: maharage yaliyong'olewa yakianikwa, magimbi ya kuchoma, na moshi wa jenereta la Rajabu. Rajabu alikuwa kijana mwenye banda la video nyuma ya mashine ya kusaga. Ukimchotea dumu moja la maji kutoka mtoni unaingia, unakaa kwenye ubao uliowekwa juu ya matofali, unavumilia vibanzi. Tulicheza rede mpaka jua lipinduke, na jenereta likianza kukohoa tunauacha mpira wa soksi palepale njiani.

Naandika haya nikiwa na hasira. Nilianza Jumapili, nikafuta, nikaanza tena, maana sikuwa na hakika hasira yenyewe ni ya nani. Mimi niliishia darasa la saba. Daftari hili huandika mvua imenyesha lini na kuku yupi ameatamia, siyo uchambuzi wa mambo. Lakini kuna katuni moja ya Kijapani imenikera zaidi ya miaka ishirini, na nataka niseme mazuri yake na mabaya yake kwa haki, bila kuionea.

Tuliiita Katuni ya Rangi, kwa sababu ndivyo Rajabu alivyoandika kwa kalamu ya wino mzito juu ya sidii zake. Jina la kweli lilikuwa kwa herufi za kwao, na hakuna aliyezijua.

Mazuri ni rangi. Anga ya zambarau, samaki wanaoruka juu ya mapaa, treni inayopita ndani ya mawingu ya machungwa. Televisheni ya Rajabu ilikuwa na ugonjwa wa kuegemea kijani, na bado rangi zilishinda. Nilikuwa nikitoka mle bandani naiona milima ya Uluguru imepauka kama kanga iliyofuliwa sana. Halafu kulikuwa na yule msichana mwenye nywele za bluu, amefungiwa kwenye mnara, kila siku anachora dirisha ukutani kwa chaki na kila siku linafutika. Aliyemchora alijua kazi yake.

Mabaya ni kwamba haieleweki. Mtu anakufa leo, kesho yuko mezani anakunywa chai. Ndugu wawili wana sura moja na sauti moja. Mtu anafungua kinywa kusema jambo la maana, wanatuonyesha ua linadondoka, kisha tuko mji mwingine. Kwa haki niseme sehemu ya kosa ilikuwa ya Rajabu: sidii zake hazikuwa na mpangilio, sehemu ya tisa ikitangulia ya pili.

Rajabu ndiye alikuwa mtafsiri pia. Anasimama kando na kijiti anatueleza, na lugha ile haijui hata salamu. Kulikuwa na mwanamume mmoja mwenye joho jekundu. Leo anamtupia msichana moto, kesho wanakula pamoja, na kwenye msiba wa baba wa msichana yeye anaingia anacheka. Rajabu akatupatia jibu. "Huyu ni mtani wake," akasema. "Si mnaona msiba wenyewe hauheshimu?" Banda zima tukaelewa. Kwetu mtani hufanya hivyohivyo, anakuja msibani anaficha jembe la makaburi mpaka afidiwe, na hakuna anayekasirika. Tangu siku hiyo kila kisichoeleweka tulisema ni utani.

Sasa dada yangu Hadija. Alikuwa darasa la sita, hesabu anaongoza. Mwaka huohuo alivunja ungo, akawekwa ndani kama ilivyokuwa desturi yetu Waluguru. Mwali haonekani nje, hapazi sauti, anafundwa na bibi mpaka siku ya kutolewa kwa ngoma. Aliambiwa ni likizo tu ya mwezi mmoja. Shule ikafunguliwa, yeye bado yumo.

Mimi nilikuwa mdogo, kazi yangu ni kumpelekea chakula, na pamoja na chakula nikampelekea katuni. Kila Jumamosi nikitoka kwa Rajabu, kabla sijaweka sahani chini, alikuwa ananinong'oneza.

"Katoka?"

"Bado yumo."

"Anakula nini humo?"

"Hawajaonyesha. Wanaonyesha samaki wanaruka."

"Samaki wanaruka na mwenyewe ana njaa. Hawa watu wana akili kweli?"

Bibi alikuwa amelala kwenye mkeka, ametupa kisogo. "Aliyemfungia ni nani?" akauliza.

"Mtani wake, bibi. Rajabu kasema."

"Mtani hamfungii mtu. Kamwambie Rajabu aangalie vizuri."

Wiki zikaenda hivyo. Nikakosa sehemu mbili kwa homa, nikazitunga. Hadija hakujua, au nilidhani hajui. Alikuwa amenenepa na ngozi imekuwa laini, na kwa haki niseme bibi hakumtesa hata siku moja. Lakini daftari zake zilikuwa juu ya dari zinaliwa na panya, nami nilizisikia.

Sidii ya mwisho ilipofika, banda lilijaa mpaka wengine wakachungulia kwenye matundu ya mabati. Mwanga mweupe ukatokea, sura za watu zikayeyuka moja ndani ya nyingine, maji yakapanda, msichana akachora dirisha, wimbo ukalia, giza. Rajabu alibaki ameinua kijiti. "Wanangu," akasema, "hapa hata mimi sielewi. Tuseme imekwisha."

Nilitembea kwenda nyumbani nikiwa na hofu kama niliyevunja chungu. Hadija akauliza, "Katoka?" Nikasema katoka. Nikamwambia mwenye joho jekundu alimfungulia mwenyewe, akampa daftari jipya, lile lenye tebo za kuzidisha nyuma, na msichana akarudi shule akakaa dawati la mbele.

Hadija akaipokea sahani, akaiweka chini. Kisha akanishika mkono. "Mjomba anakuja Ijumaa. Mhadithie. Yote, Tatu, na mwisho wake."

Kwetu mjomba ndiye mwenye neno. Ukimuuliza mama kuhusu shule ya Hadija alijibu, "Tumsubiri mjomba." Na mjomba alinipenda, alikuwa ananibakizia ukoko. Ijumaa akaja, akala, akanawa, akajifuta mikono kwa shuka, akaniita mwenyewe.

"Haya Tatu, nasikia kuna katuni mnaifukuzia huko. Inahusu nini?"

Mlango wa chumba cha bibi, alimokuwa Hadija, ulikuwa hatua nne tu kutoka hapo, umefungwa. Nikaangalia miguu ya mjomba. Nikasema kwa sauti ya chini, "Haieleweki, mjomba."

"Basi achana nayo," akasema, akaingia kuongea na mama. Hadija sikumwambia nilichojibu.

Hadija alitolewa kwa ngoma, akabebwa mabegani, wanawake wakaimba mpaka sauti zikakauka. Siku hiyo ilikuwa nzuri na sitasema uongo kwamba sikucheza. Baada ya wiki mbili mjomba alipokea posa kutoka Gairo. Shule imeshampita, akasema. Hadija hakulia. Alimwangalia mjomba mara moja tu. Tangu hapo, kila akija Mlali Hadija huzunguka njia ya juu, kwenye miteremko, asipite mlangoni kwa mjomba.

Jumapili iliyopita Hadija alikuja na binti yake Rehema, aliye kidato cha nne. Niliwahi kumsimulia Rehema habari za samaki wanaoruka, basi kaitafuta Katuni ya Rangi kwenye simu mpaka kaipata, nzima, imepangwa tangu ya kwanza. Tukakaa watatu barazani, simu tumeiegemeza kwenye kopo la maziwa. Chini kulikuwa na maandishi ya Kiingereza na Rehema akatusomea.

"Huyu siyo mtani, mama mdogo. Huyu ndiye aliyemuua baba yake."

"Sasa msibani alikuwa anacheka nini?" Hadija akauliza.

"Alikuwa anafurahi, mama."

Hadija alicheka mpaka akashika mbavu. "Na bibi alisema. Bibi alisema, Mungu amrehemu."

Vijana wa leo bwana. Sisi tulibeba dumu kichwani kwa ajili ya kipande kimoja, wao wanakisogeza kwa kidole kama wanafukuza nzi. Kila sehemu Rehema anairuka nusu, anatuambia hapo hakuna kitu. Lakini Kiingereza alikisoma vizuri, hilo nampa. Tukafika mwisho. Mwanga, sura, maji, dirisha, giza. Mwisho uleule. Hata kwa mpangilio, hata kwa maandishi, hawakusema kama alitoka.

Rehema akailaza simu kifudifudi. "Haieleweki hii," akasema.

Nikamkaripia. Nikamwambia airudie, nikamwambia hana adabu, maneno mengi ambayo mtoto hakuyastahili. Alinishangaa. Nami nilijishangaa.

Hadija akasema taratibu, "Mwisho wa Tatu ulikuwa mzuri kuliko huu. Alipewa daftari lenye tebo."

"Tebo gani?" Rehema akauliza.

"Za kuzidisha, kwa Kiswahili," akasema Hadija, akanitazama. "Nilijua siku ileile, Tatu. Mjapani atalitoa wapi daftari letu? Nilitaka tu mjomba aisikie. Akaisikia, akaniozesha vilevile. Ndiyo maana sipiti mlangoni kwake."

Hapo ndipo nilipoijua hasira yangu ni ya nani. Miaka yote nilikuwa naipangia makosa katuni, na Rajabu, na sidii zake, na huku mjomba, mzee wa watu, amebeba kosa langu.

Nikasema, "Mjomba hakuisikia. Aliniuliza mwenyewe. Nikamwambia haieleweki."

Hadija akakiweka chini kikombe cha chai. Kisha akajifunga kanga. "Rehema, vaa viatu, twende kwa babu yako." Akageuka kwangu. "Na wewe unakuja. Utamhadithia, na mwisho wake."

Mjomba sasa haoni vizuri. Hadija alipomwambia shikamoo aliuliza, "Marahaba, nani mwenzangu?" na alipoambiwa akatafuta mkono wake hewani. Nilihadithia yote, samaki, moto, msiba, mpaka daftari. Alisikiliza ameinamisha kichwa. Nilipomaliza alisema, "Ungeniambia siku ile." Sijui angekubali. Kwa haki lazima niandike hivyo, sijui, huenda posa angeipokea vilevile. Hadija alikuwa amekaa karibu yake anamtenganishia minofu ya samaki na miiba.

Watoto wa sasa wana hadithi elfu kwenye kiganja, wasiyoielewa wanaiacha, inayofuata inaanza yenyewe, na hakuna anayeumia. Siwaonei wivu wala siwadharau, ila nakumbuka enzi zetu. Tulikuwa na moja tu, imekatika vipande, ya kijani kwenye televisheni mbovu. Kijiji kizima aliyeijua mpaka mwisho nilikuwa mimi, na dada yangu alikuwa nyuma ya mlango anasubiri niiseme.