Sidonie na Malkia Aliyefukuza Wachoraji

Dada yangu Sidonie alianzia kwenye duka la baba la mawigi, pale Dijon. Wateja wakingoja kutiwa poda, yeye na kipande chake cha mkaa anawachora ukutani, pua zao kubwa na videvu vyao vyote. Baba alifoka mpaka akachoka. Kisha siku moja mke wa hakimu alijiona ukutani, akacheka hadi wigi likamwanguka, akataka achorwe sawasawa, kwa rangi.

Basi kutoka hapo akapanda. Alikuwa anachora mabibi wakubwa wa Paris, mimi nikimsagia rangi, tulipoitwa Ostravelde, ufalme mdogo wa kaskazini, nchi ya mvua na kabichi. Malkia wa huko, Ulrika, alikuwa amefukuza kila mchoraji aliyeletewa.

"Wa mwisho alirushiwa kikombe," mpishi wa jumba la kifalme alituambia, tena kwa furaha. "Msifungue mizigo."

Asubuhi ya kwanza Malkia alikaa kitini, akamkazia dada macho.

"Wewe Mfaransa. Nataka nitoke kijana. Kama siku ya harusi yangu."

"Mtukufu, siku hiyo mimi sikuwapo. Itabidi unisimulie."

"Nikusimulie nini?"

"Yote. Ulivaaje, nani alilia, bwana harusi alikuwaje."

"Bwana harusi? Kama bata aliyenyeshewa!"

Hapo akafunguka. Kila asubuhi alikuja na kipande kingine: viatu vilivyombana hadi akacheza dansi peku, askofu aliyesinzia katikati ya sala, na supu ya kwao ambayo mumewe alisema inanuka soksi. Alilinyanyua bakuli, akammwagia mapajani mbele ya mabalozi! Akisimulia hayo alicheka mpaka machozi, kofia yake ya lesi imeenda upande.

Nikachungulia kazi ya dada. Hakukuwa na bibi harusi. Palikuwa na mwanamke mzee, makunyanzi yote, kofia upande, kinywa wazi kwa kicheko.

"Dada, umechanganyikiwa? Tutarudi Dijon kwa miguu!"

"Saga rangi, Babette."

Siku ya kuifunua, Malkia aliitazama, shingo ikamwiva nyekundu kwa hasira.

"Nani huyu kikongwe?"

Mimi nilikuwa natafuta mlango kwa jicho la pembeni. Ndipo akaingia Mfalme Anselm, anachechemea na fimbo yake kwa ugonjwa wa miguu. Akasimama mbele ya picha.

"Lo! Huyu ndiye! Huyu ndiye aliyenimwagia supu! Miaka yote naletewa picha za mwanasesere fulani nisiyemjua, leo ndio nimemwona mke wangu."

"Ulistahili ile supu," Malkia akasema.

"Nilistahili. Lakini ilinuka kweli."

"Thubutu kusema tena!"

Wakaangaliana, wakaangua kicheko wote wawili, hadi walinzi wa mlangoni wakashindwa kujizuia. Mfalme akaichukua picha ikatundikwe chumbani kwake. Lakini Malkia hakuwa mtu wa kusahau.

"Na yangu ya ujana iko wapi?"

Dada akamchorea na hiyo, kiuno cha nyigu na mashavu ya tofaa, ikawekwa ukumbini kwa ajili ya mabalozi.

Malkia alikuwa na ndugu wa kike waliozagaa kwenye viti vya enzi vya Ulaya nzima. Wote wakatuita. Tuliishi ndani ya magari ya farasi, leo jumba hili, kesho lile, na kila mahali dada alichora picha mbili: ya ukumbini na ya chumbani.

Alipofikisha miaka hamsini alimkubali Leopold, mpiga filimbi wa Ostravelde aliyekuwa akimposa kila majira ya joto. Wakahamia Dijon. Sasa anachora wake za waokaji mikate na wauza jibini, na bei anapunguza kwa yeyote atakayemchekesha. Mke wa mwokaji wetu ameshachorwa mara tatu.