Mbavu za Meja

Nilipokuwa msichana wa miaka tisa, katika juma la pili la muhula wa kwanza, mbwa wetu alianza kukonda. Nalikumbuka juma hilo kwa sababu nilikuwa nimepewa sare mpya ya shule, na Jaja alikuwa ameketi mlangoni akiifupisha. Meja akapita mbele yake. Jaja akasimamisha sindano, akamfuata kwa macho mpaka alipolala.

"Tangu lini yuko hivi?" akauliza.

Hakuna aliyejua.

Tulikaa kwenye nyumba za askari kule Mbuya, vyumba viwili na veranda. Baba alikuwa koplo. Yeye ndiye aliyempa mbwa jina la Meja, na wageni walipouliza sababu, aliwaambia kwamba kabla ya kustaafu alitaka awe na meja mmoja ambaye yeye ndiye angemwamrisha. Mwezi wa Desemba Baba alipelekwa nje ya nchi, kwenye kazi ya kulinda amani. Aliahidi kupiga simu kila Jumapili baada ya kanisa. Tulibaki Mama, mimi, Meja, na Jaja, yaani mama yake Baba, aliyetoka Gulu kuja kukaa nasi. Tulimwita Jaja kama watoto wa Kiganda wanavyowaita bibi zao, kwa sababu ndivyo tulivyosikia kwa majirani.

Kilichomkondesha Meja kilikuwa wazi kwa mtu yeyote ambaye angetoka nje kunapopambazuka. Askari walikimbia kila asubuhi, wakateremka kuelekea Bugolobi na kupanda tena mlima wakiimba. Baba alipokuwepo, alikimbia nao na kumfungia Meja nyumbani. Baba alipoondoka hakuna aliyekumbuka kumfunga, na Meja akaanza kukimbia na askari, akipita katikati ya viatu vyao kama anayemtafuta mtu. Jioni alikula bakuli moja la posho, ule ugali wa mahindi, na mukene, wale dagaa wakavu wa ziwani. Ni bakuli lile lile alilokula siku alizokuwa akilala verandani kutwa. Kazi ilikuwa imeongezeka, chakula hakikuongezeka. Lakini sisi alfajiri tulikuwa kitandani, na kwa watu wa kwetu mbwa hupewa kilichobaki kwenye sufuria, hapimiwi.

Jaja alikuwa na maelezo mengine. Alisema mwanamume anayesafiri mbali huacha roho yake kidogo kwa mbwa wake.

"Mbwa akila na bado anakonda, mwenyewe yuko mahali pabaya," alisema. "Kile chakula hakikai mwilini mwake. Kinakwenda kumtafuta bwana wake."

Aliyasema kwa Kiacholi, taratibu, kama mtu anayeeleza kwamba mvua itanyesha alasiri. Mama alikuwa akikaanga vitunguu. Hakugeuka.

"Mama, katika nyumba hii tunaomba Mungu," akamjibu mama mkwe wake.

"Ombeni. Nimewakataza? Mimi nimesema tu mbwa amekonda."

Jumapili hiyo Baba hakupiga simu.

Leo naweza kutaja sababu kumi za simu kutopigwa. Wakati ule niliijua moja tu. Jumatatu nilibakisha nusu ya chapati ya mapumziko, nikaifunga kwenye karatasi ya daftari, na nilipofika nyumbani nikampa Meja nyuma ya choo. Aliimeza bila kuitafuna. Jumanne nilimpa chapati nzima. Kufikia Ijumaa nilikuwa nikimpa pia nyama yangu ya jioni, nikiificha kiganjani chini ya meza. Nilikuwa na kipimo changu. Nilisimama mlangoni na kuhesabu mbavu za Meja alipokuwa amelala upande wa jua. Siku ya kwanza nilihesabu saba. Nililala nikiziwaza hizo saba.

Jumapili ya pili simu haikulia. Ya tatu ikalia. Sauti ya Baba ilikuwa mbali na ilikatikakatika. Alisema mtandao ulikuwa umeharibika, yeye ni mzima, anakula vizuri. Nilipokata simu nilikwenda moja kwa moja mlangoni. Nilihesabu mbavu nne.

Sikuhitaji ushahidi mwingine. Nikaongeza.

Mwezi wa tatu mbavu hazikuhesabika tena. Mwezi wa nne, kabla shule hazijafungwa, mgongo wa Meja ulikuwa bapa kama benchi na kola aliyovishwa na Baba ilikuwa imezama shingoni. Bado alikwenda kukimbia, lakini sasa alirudi peke yake, askari wakiwa wameshapita zamani, ulimi nje, akipumzika kila baada ya nyumba mbili. Askari walimfurahia sana.

"Meja amepandishwa cheo!" walipiga kelele walipompita. "Huyo sasa ni jenerali! Angalia tumbo!"

Mimi nilicheka nao. Niliona mbwa mnene, na kwa hiyo baba mzima. Nilikuwa pia nimeanza kuona kizunguzungu darasani, na mwalimu alikuwa amemwandikia Mama kumuuliza kama nina minyoo. Nilikunywa dawa ya minyoo bila kubisha.

Wakati wa likizo Meja alianza kuchechemea mguu wa mbele. Mama alimwita Koplo Drani, aliyeishi safu ya nyuma yetu na kufanya kazi ya kutunza mbwa wa jeshi. Alikuja mchana, akachuchumaa, akakamata mguu, akaukunja, akaukunjua. Kisha akaacha mguu na kuweka vidole kwenye ubavu wa mbwa. Akabonyeza. Akabonyeza tena.

"Mama Atim," alisema, akimwita Mama kwa jina langu, "huyu mbwa nani anamupatia chakula?"

"Mimi," Mama akajibu. "Mara moja, jioni."

"Mara moja?" Drani alitazama juu. "Basi hiyo mara moja ni sherehe ya harusi."

Mama hakucheka. Drani akaeleza, na nayakumbuka maelezo yake vizuri. Mguu haukuwa na jeraha, alisema, ulikuwa umechoka kubeba. Mbwa anayekimbia anastahili chakula kingi kuliko anayelala, lakini kuna mpaka. Mbavu za mbwa mzima huzioni kwa macho, ila ukipitisha vidole unazikuta mara moja, bila kuzitafuta. Za Meja alikuwa amezitafuta. Chakula kigawanywe mara mbili, jioni, na asubuhi baada ya mbwa kurudi na kupumzika kabisa, si akiwa bado anahema. Kipimwe kwa kopo moja lile lile kila siku. Mukene ziongezwe, posho ipunguzwe. Na kwa majuma mawili afungwe asikimbie, na chakula chote kikatwe theluthi.

"Kikatwe?" nikauliza.

"Kikatwe. Akonde kidogo."

Nilikuwa mtoto aliyelelewa kuwasikiliza askari. Hata hivyo nilisimama kati ya Drani na mbwa, nikasema hapana. Mama akaniambia niondoke. Nikasema hapana tena, na safari hii nililia. "Mkimkondesha, Baba atakufa!"

Nilimweleza Koplo Drani kila kitu, chapati, nyama, na jinsi simu ilivyolia mbavu zilipopungua. Nilitegemea Mama anichape. Badala yake alikaa kwenye ngazi, akafuta mikono kwenye kanga ingawa mikono ilikuwa mikavu.

"Mimi nimekuwa nikimpa mayai," akasema. "Mawili. Ninyi mkishakwenda kulala."

"Mama!" nikasema.

"Si kwa ajili ya mambo hayo," akaongeza haraka. "Nilimwonea huruma tu."

Jaja alikuwa dirishani muda wote. Tukamgeukia sote watatu. Alitazama mlima wa Kibuli kama aliyeitwa kutoka huko.

"Uji," akasema mwishowe. "Wa karanga. Kidogo tu."

"Kidogo kiasi gani, Jaja?" Drani akauliza.

"Sufuria."

Drani alianza kucheka, akajizuia alipouona uso wa Jaja. Kwa miezi miwili wanawake watatu wa nyumba moja, kila mmoja kwa siri yake, walikuwa wakimlisha mbwa mmoja ili mwanamume mmoja asife, na yule aliyekataa imani hiyo kwa sauti kubwa ndiye aliyekuwa akitoa mayai.

Hapo ndipo Drani alipofanya jambo ambalo mpaka leo naliheshimu. Angeweza kusema hayo ni mambo ya ushamba. Aliketi chini, mgongo ukiegemea ukuta, akazungumza na Jaja peke yake.

"Jaja, mimi nimeenda hiyo kazi mara mbili. Kule mutu anatakiwa akimbie. Wakisema lala chini, unalala. Wakisema kimbia, unakimbia. Sasa kama huyu mbwa ndiye anabeba habari ya kijana wako, wewe unataka abebe habari gani? Ya mutu hawezi kupanda hata mulima?"

Jaja alimtazama Meja, aliyekuwa amelala akihema kivulini bila kufanya lolote.

"Leta hilo kopo," akaniambia.

Sijui kama Drani aliamini hata neno moja la hoja yake. Sikuwahi kumuuliza, na alihamishwa mwaka uliofuata. Ninachojua ni kwamba mimi ndiye niliyekabidhiwa kupima na kutia alama kwenye daftari kila siku, na kwamba majuma yale yalikuwa magumu kuliko yale ya mwanzo. Kumnyima mbwa chakula huku unaamini unamnyima baba yako ni kazi ambayo mkono unaikataa. Nilijaza kopo, nikalipangusa juu kwa kidole, na kile kilichoanguka nilikirudisha kwenye mfuko nikiomba msamaha kwa sauti ndogo. Meja alimaliza na kuniangalia. Jaja alisimama nyuma yangu kuhakikisha siongezi, na nikigeuka namkuta naye akiomba, midomo ikisogea.

Baada ya majuma mawili tukamfungua. Alikimbia mpaka chini na kurudi nyuma ya askari wa mwisho. Mwezi wa tano alirudi katikati yao. Kila Jumamosi nilipitisha vidole ubavuni, nikazikuta mbavu mara moja, na kila Jumapili nilikaa karibu na simu. Baba alipiga. Akapiga tena. Kisha, mwezi wa sita, akakosa Jumapili mbili.

Jumatano iliyofuata gari la jeshi liliingia kwenye safu yetu mchana. Katika nyumba za askari kila mtu anajua gari hilo linakuja kufanya nini. Wanawake walisimama milangoni, kila mmoja akitazama litasimama wapi. Lilisimama kwetu. Mama alikuwa ameshika ndoo na hakuiweka chini mpaka ofisa alipomaliza kusema.

Gari alilopanda Baba lilikuwa limepinduka. Askari wawili walikuwa wamefariki. Baba alikuwa amevunjika mguu, alikuwa hospitalini, na angerudishwa nyumbani akiweza kusafiri.

Nilipokuwa mtu mzima niliomba kuiona karatasi ya hospitali, nikalinganisha tarehe. Ajali ilitokea Jumanne ya kabla ya Jumapili ya kwanza aliyokosa. Asubuhi ya Jumanne hiyo Meja alikimbia njia yote na akala chakula chake chote, na kwenye daftari langu la kopo hakuna alama yoyote ya ajabu. Mwezi wa pili, Meja alipoonyesha mbavu saba, Baba alikuwa mzima kambini, akilalamikia mtandao. Kwa hesabu hiyo, mbwa hakujua chochote.

Nilimpelekea Jaja hesabu hiyo. Alikuwa mzee sana wakati huo, amerudi Gulu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Waliokuwa kwenye gari ni wangapi?" akauliza.

"Watano."

"Na baba yako aliwezaje kutoka?"

Nilijua jibu, kwa sababu Baba alishatueleza. Alitoka kwa kutambaa na kujiburuta mpaka ng'ambo ya barabara, kabla gari halijashika moto.

"Basi," Jaja akasema, na akaomba chai.

Sina karatasi ya kumpinga akisema wepesi ule ulitoka kwa Meja. Siamini alichoamini yeye, lakini najua tulichokuwa tukifanya pale verandani. Mtu wetu alikuwa mahali ambapo mkono haufiki, na tulikuwa na mdomo mmoja tu wa kulisha uliokuwa karibu. Tulikosea kiasi cha chakula mara mbili, tukampunja kisha tukamzidishia, na hofu haikutufundisha kipimo. Alitufundisha mtu aliyejua kazi yake na aliyekuwa na adabu ya kuongea na bibi kizee kwa lugha ya hofu yake.

Baba alirudi Alhamisi ya juma la kwanza la mwezi wa saba, kwa magongo mawili. Mguu ulichukua miezi minne kupona. Kisha alipewa kazi ya stoo hapo hapo Mbuya, na hakusafiri tena.